Swali Moja Lililosimamisha Mashine

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Wewe uliye darasani pamoja na wenzako, sogea karibu na redio. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, soma polepole, na penye hesabu usipite mbio. Leo utahitaji kalamu na daftari, maana tutafanya hesabu ndogo pamoja.

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na safari za baharini tu. Lakini mashine nazo zina historia, na historia hiyo ina mafunzo yake. Leo tutasoma habari za mashine zinazotunza maandishi ya watu na kuyapeleka kwa wanaoyataka. Tutaona jinsi swali moja fupi, la mstari mmoja tu, lilivyoweza kuisimamisha mashine ya namna hiyo hata isiweze kumhudumia mtu yeyote. Mlango haukuvunjwa, wala kitu hakikuibwa, lakini kazi ilisimama. Yafaa tujue ilikuwaje.

MANENO YA LEO

Kabla ya kuanza, andika maneno haya sita katika daftari lako.

Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya.

Seva ni kompyuta, au programu iliyo ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kungoja maombi ya wengine na kuyajibu. Ni kama karani aliye nyuma ya dirisha.

Faili ni kitu kimoja kilichotunzwa ndani ya kompyuta: barua, picha, hesabu, au programu yenyewe.

Folda ni mahali pa kuwekea mafaili. Folda moja yaweza kuwa na folda nyingine ndani yake, kama nyumba iliyo na vyumba.

Itifaki ni mapatano ya namna ya kusemezana, ili kompyuta za watu mbalimbali zipate kuelewana.

Kuzuia huduma ni kuifanya seva ishindwe kuwahudumia watu wenye haki ya kuhudumiwa.

Ukiisha kuyaandika, tuendelee.

MWANZO WA MAMBO

Tarehe 29 Oktoba 1969, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, nchini Marekani, mwanafunzi mmoja jina lake Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta akajaribu kusemezana na kompyuta nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa mbali, katika taasisi ya utafiti ya Stanford. Alitaka kupeleka neno moja la herufi tano, neno la kuomba kuingia. Herufi L ikafika. Herufi O ikafika. Kisha kompyuta ya upande wa pili ikazimika. Yapata saa moja baadaye wakajaribu tena, na safari hii wakafaulu.

Mtandao huo uliitwa ARPANET, na gharama zake zililipwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Mwisho wa mwaka 1969 ulikuwa na vituo vinne tu. Huo ndio mzazi wa intaneti tuijuayo leo. Kumbuka jambo hili, maana litatufaa baadaye: tangu siku ile ya kwanza, ombi la adabu kabisa, lisilo na ubaya ndani yake, liliweza kuiangusha mashine iliyokuwa haijajiandaa kulipokea.

Kompyuta zilipoweza kusemezana, watu walitaka pia zipelekeane mafaili. Hapo ndipo anapoingia bwana mmoja aitwaye Abhay Bhushan. Alizaliwa India, akasoma katika chuo cha ufundi cha Kanpur, kisha akaenda Marekani katika chuo maarufu cha MIT. Tarehe 16 Aprili 1971 alitoa andiko lililoeleza itifaki ya kuhamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa kifupi itifaki hiyo huitwa FTP. Ilisahihishwa mara nyingi, na mwezi wa Oktoba mwaka 1985 Jon Postel na Joyce Reynolds wakatoa maelezo yake yaliyokuja kutumika kwa miaka mingi.

FTP hufanya kazi namna gani? Fikiri juu ya ghala yenye dirisha na mlango. Dirishani unasema na karani: unamwambia jina lako, unamwonyesha neno lako la siri, unamwuliza kuna nini ndani, unamwambia unataka kitu gani. Mzigo wenyewe haupiti dirishani, hupitia mlango wa pembeni. Ndivyo ilivyo FTP: njia moja ya maneno na njia ya pili ya mizigo. Ombi mojawapo ambalo karani hupewa kila mara ni hili: "Niorodheshee vitu vilivyomo." Tafadhali usilisahau ombi hilo, maana kisa chetu chote kimo ndani yake.

MLANGO WA WAGENI

Watu wa vyuo vikuu walikuwa na desturi njema. Walifungua sehemu ya ghala zao kwa mtu yeyote, hata asiyejulikana. Mgeni alipoulizwa jina, aliandika neno la Kiingereza lenye maana ya "asiye na jina," na alipoulizwa neno la siri aliandika anwani yake ya barua, kwa heshima tu. Seva ilimkaribisha, ikamwonyesha yaliyo ya wageni, naye akachukua alichotaka bila malipo.

Usidhani jambo hilo lilikuwa dogo. Mwezi wa Septemba mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, alitoa kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta alichokiandika. Kiliwekwa katika seva ya FTP ya mtandao wa vyuo vikuu vya Finland ili yeyote apate kukichukua. Torvalds alikuwa na jina jingine akilini, lakini Ari Lemmke, aliyempa nafasi katika seva ile, aliita folda hiyo Linux, na jina likabaki. Wageni wa nchi nyingi waliichukua kazi hiyo, wakaisahihisha, wakairudisha ikiwa bora zaidi. Ikiwa simu uliyo nayo inatumia Android, basi kiini chake ni hiyo hiyo Linux. Mlango wa wageni umekufikia hata wewe, ingawa hukuwahi kuuona.

Basi, mtu akisema kwamba ukarimu wa seva zile ulikuwa ujinga, usimkubalie upesi. Ukarimu ule umeleta faida kubwa. Kasoro yake ilikuwa mahali pengine, nasi tunaikaribia.

UAMINIFU UNAPUNGUA

Kwa miaka mingi watu wa mtandao walikuwa wachache na walijuana. Wengi waliona ya kuwa mwenzao hatawadhuru kwa makusudi. Mambo matatu yaliwaamsha.

La kwanza lilitokea tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika mtandao programu iliyojinakili kutoka kompyuta hadi kompyuta. Haikufuta mafaili ya watu. Lakini ilijinakili kupita kiasi, nakala juu ya nakala katika mashine ile ile, hata mashine zikalemewa na kazi. Yakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 ziliathirika, wakati mtandao wote ulikuwa na kompyuta zipatazo 60,000. Mwezi ule ule kituo cha CERT kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ili pawe na mahali pa kupokea habari za hatari na kuzitangaza. Morris alishtakiwa, na mwaka 1990 akaonekana ana hatia.

La pili lilitokea mwezi wa Septemba mwaka 1996. Kampuni ya intaneti ya New York iitwayo Panix ilipelekewa maombi mengi mno ya kuanza mazungumzo, na kila ombi lilikuwa na anwani ya uongo. Seva ilijibu, ikangoja, wala hakuna aliyerudisha jibu. Nafasi za kungojea zikajaa, na wateja wa kweli wakakosa pa kuingilia kwa siku kadhaa.

La tatu lilitokea mwezi wa Februari mwaka 2000. Kijana wa miaka 15 wa Kanada alitumia kompyuta nyingi za watu wengine, bila wao kujua, akazituma zote kwa pamoja zisumbue seva za Yahoo, Amazon, eBay, CNN na nyingine. Makampuni makubwa yalisimama kwa saa kadhaa kwa sababu ya msongamano.

Katika mambo hayo matatu, huduma ilizuiwa kwa wingi. Nakala zilikuwa nyingi, maombi yalikuwa mengi, kompyuta za kusumbua zilikuwa nyingi. Watu wakazoea kufikiri kwamba ili kuisimamisha seva lazima uwe na jeshi. Mwaka uliofuata walijifunza kwamba mtu mmoja aliyekaa peke yake, mwenye mstari mmoja wa maandishi, aweza kutosha.

NYOTA NA NUKTA MBILI

Sasa twende polepole. Kuanzia mwaka 1969, mafundi wa maabara za Bell nchini Marekani walitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Walipenda kuandika kwa ufupi, basi wakaipa alama ya nyota maana maalumu. Nyota ni hii: *. Maana yake ni "jina lolote." Ukimwambia karani "nionyeshe *," maana yake unataka kila kilichomo. Alama hii yaokoa kazi nyingi, kwa kuwa badala ya kuandika majina mia unaandika alama moja.

Nukta mbili zilizofuatana nazo zina maana: "rudi katika folda iliyo juu," yaani toka chumbani urudi sebuleni. Na mstari ulioinama, huu hapa /, hutenganisha hatua moja na nyingine katika safari.

Seva za FTP zilirithi desturi hizo. Mgeni aliweza kumwambia karani, "Niorodheshee *," na karani akatii.

Sasa fikiri nyumba yenye sebule moja na vyumba kumi. Una mtumishi mtiifu sana, asiyeuliza sababu. Unamwambia: "Ingia kila chumba, kisha rudi sebuleni." Kwa alama, agizo hilo ni */.. tu. Anakwenda safari kumi, na kila safari anaiandika katika daftari.

Halafu unamwambia: "Kila urudipo sebuleni, ingia tena kila chumba." Agizo hilo ni */../* na lina nyota mbili. Mtu mwenye akili atasema, "Bwana, vyumba hivi nimekwisha kuviona." Lakini mtumishi wetu hasemi hivyo. Kwake, njia iliyopitia chumba cha kwanza ni tofauti na njia iliyopitia chumba cha pili, ingawa zote mbili zimemrudisha mahali pale pale. Basi kila moja ya safari kumi inazaa safari kumi nyingine, naye anaandika mistari mia moja.

Chukua kalamu. Nyumba ni ile ile, vyumba ni vile vile kumi. Kila tunapoongeza nyota moja, tunazidisha kwa kumi:

Nyota 1: mistari 10
Nyota 2: mistari 100
Nyota 3: mistari 1,000
Nyota 6: mistari 1,000,000
Nyota 9: mistari 1,000,000,000
Nyota 12: mistari 1,000,000,000,000

Hesabu ya mwisho ni milioni moja iliyozidishwa kwa milioni moja. Tuseme seva ni hodari sana, yaweza kuandika mistari milioni moja kwa kila sekunde. Hata hivyo itahitaji sekunde milioni moja. Gawanya kwa 86,400, ambazo ndizo sekunde za siku moja, nawe utapata siku zaidi ya kumi na moja na nusu, usiku na mchana. Na swali lenyewe lina urefu gani? Hesabu alama zake zote, nyota, mistari iliyoinama na nukta: ni 56 tu. Zaingia katika mstari mmoja wa daftari.

Lakini seva haifiki siku ya kumi na moja. Kwa desturi haimjibu mgeni mpaka imekusanya majina yote na kuyapanga kwa mfuatano wa alfabeti. Huku ikikusanya, huyaweka katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu ina mwisho. Kabla ya kumaliza hata sehemu ndogo ya kazi, nafasi inajaa. Programu nyingine zilizomo katika mashine hiyo zinakosa pa kufanyia kazi, na wateja wengine wanangoja dirishani bila jibu.

MACHI 2001

Mwezi wa Machi mwaka 2001 udhaifu huu ulitangazwa hadharani katika majadiliano ya watu wa usalama wa kompyuta. Programu iliyotajwa sana ilikuwa ProFTPD, iliyokuwa ikitumika katika seva nyingi za FTP ulimwenguni. Katika daftari la kimataifa la udhaifu wa programu, lililoanzishwa mwaka 1999, kosa hili lilipewa namba CVE-2001-1501. Mfano uliotolewa ulikuwa hasa ule tuliousoma: nyota, mstari, nukta mbili, mstari, nyota tena, ukirudiwa hata nyota zikapita kumi.

Sasa jiulize: kufuli lingesaidia? Halingesaidia kitu. Aliyeuliza ameingia kwa mlango. Kama seva inakubali wageni wasio na majina, basi naye ni mgeni kama wengine. Kama inataka neno la siri, mtu mwenye neno hilo aweza kuuliza vile vile. Ombi lake nalo ni halali kwa kila sheria ya itifaki, kwa kuwa kuorodhesha kumeruhusiwa, nyota imeruhusiwa, na kurudi sebuleni kumeruhusiwa. Kila kipande peke yake ni chema. Ubaya ulikuja vilipounganishwa na kurudiwa, na hakuna aliyekuwa ameiambia seva iseme, "Basi, yatosha."

Na nani aliyeumia? Si mwenye seva peke yake. Aliyeumia ni mwanafunzi aliyekuja kuchukua programu ya masomo yake, na fundi aliyetaka dawa ya kosa jingine katika mashine yake, na kila aliyekuwa na haja ya kweli akakuta dirisha limefungwa. Ndiyo maana twasema huduma imezuiwa. Mali imo ndani salama, lakini haimfikii mwenye haja nayo.

DAWA NA UGONJWA ULIORUDI

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe mlangoni. Walisema akaribishwe, lakini ukarimu uwe na kipimo. Dawa iliyotumika ilifuata akili hiyo hiyo.

Kwanza, wenye seva walishauriwa waongeze agizo moja la kukataa kila ombi ambalo ndani yake nyota inafuatwa na mstari ulioinama. Hiyo ilikuwa dawa ya haraka. Pili, walishauriwa wamwekee kila mgeni kiasi cha kumbukumbu na cha muda wa kazi, ili mmoja asile chakula cha wote. Tatu, watengenezaji wa programu waliweka mpaka katika ile sehemu inayofasiri nyota, ikifika hesabu fulani iache.

Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Mwaka 2010 mtafiti wa Poland, Maksymilian Arciemowicz, alionyesha kwamba mpaka uliowekwa katika mifumo kadhaa, miongoni mwake FreeBSD, NetBSD na OpenBSD, uliweza kukwepwa. Alitunga maswali ya nyota ambayo hayana jibu hata moja. Fikiri vizuri hapo. Ikiwa mlinzi anahesabu majibu tu, na majibu ni sifuri, ataona hakuna hatari. Kumbe mtumishi anazunguka vyumbani tangu asubuhi, akitafuta kisichokuwako! Waliweka kipimo cha mavuno, wakasahau kupima jasho la kulima.

Mwaka 2011 mtafiti huyo huyo alipata kosa la jamii hiyo katika programu iitwayo vsftpd. Programu hii, kazi ya Chris Evans, ilianza kutolewa mwaka ule ule wa 2001, na jina lake lina maana ya "salama sana." Sifa hiyo ilistahili, kwa kuwa ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, maswali yenye mabano yaliyotiwa ndani ya mabano mengine, na nyota katikati, yaliifanya ijaribu njia nyingi mno za kulinganisha majina, hata kichwa cha kompyuta kikachoka. Kosa likapewa namba CVE-2011-0762, na toleo la 2.3.3 likalirekebisha kwa kuweka mpaka katika majaribio yenyewe.

Kwa nini ugonjwa ulirudi baada ya miaka kumi? Kwa sababu mara ya kwanza wengi waliitibu dalili moja: nyota yenye mstari. Kiini cha ugonjwa ni hiki: anayeuliza hutumia nguvu kidogo sana, na anayejibu hutumia nguvu nyingi sana. Popote pale pasipo na uwiano kati ya gharama ya kuuliza na gharama ya kujibu, hapo pana tundu, hata kama mlango una kufuli tatu.

MILANGO INAFUNGWA

Siku za FTP zimepungua. Tarehe 1 Novemba 2017 mradi wa Debian, unaotoa mfumo wa bure wa kompyuta, ulifunga seva zake za FTP zilizokuwa wazi kwa watu wote. Mwezi wa Julai 2021 programu ya kusomea kurasa za intaneti iitwayo Firefox iliacha kuijua FTP, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Chrome nayo ikaiondoa. Sababu kubwa haikuwa nyota zile. FTP ya asili hupeleka neno la siri waziwazi, hivyo aliye njiani aweza kulisoma, na njia mpya zenye maficho zimechukua nafasi yake.

Lakini usifikiri kwamba somo limekufa pamoja na FTP. Unapouliza salio la fedha zako kwa simu, au unapotafuta matokeo ya mtihani wa mwanao, kuna seva mahali fulani inayopokea swali lako. Waliotangulia wametuachia swali la kuwauliza mafundi wake: je, mmeifundisha kukataa?

TUKUSANYE TULIYOJIFUNZA

Tumeona kwamba mwaka 1971 watu waliojuana walitengeneza njia ya kupelekeana mafaili, na wakafungua mlango wa wageni. Mlango huo ulileta mema makubwa, kama Linux mwaka 1991. Tumeona jinsi imani ilivyopunguzwa na mambo ya mwaka 1988, 1996 na 2000. Tumeona kwamba mwaka 2001 mstari mmoja ulitosha kuisimamisha seva, kwa sababu seva ilikuwa tayari kujibu kila swali bila kupima kazi yake. Tena tumeona kwamba mpaka uliowekwa kwa haraka ulikwepwa, ikabidi mafundi wapime upya mwaka 2010 na 2011.

Kutoa huduma kwa watu wengi ni jambo la heshima. Yule anayetoa bila kipimo huweza kumalizwa na mmoja, kisha waliobaki wakarudi mikono mitupu. Kipimo humlinda mgeni wa kumi, ambaye bado yuko njiani.

MASWALI YA DARASANI

Jibuni maswali haya pamoja, kila mtu aandike majibu yake.

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kuiba mali ghalani na kuzuia huduma ya ghala.

2. Nyumba ina vyumba vitano. Mtumishi amepewa agizo lenye nyota nne. Ataandika mistari mingapi? Zidisha tano mara nne: 5 × 5 × 5 × 5.

3. Kwa nini kufuli na neno la siri havikutosha mwaka 2001?

4. Mlinzi aliyehesabu majibu peke yake alikosea nini?

5. Je, katika kijiji chako au mahali pa kazi yako, kuna huduma ya watu wote ambayo mtu mmoja aweza kuimaliza? Mngeweka kipimo gani ili wengine wasikose?

Somo letu limefika mwisho. Kabla hujafunika daftari, rudia tena ile hesabu ya nyota, na ukifika nyumbani mfundishe mmoja wa jamaa zako. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.